Mwaka wa mwanamke mkulima: mgeni wa kujitolea ameitwa na nani?

Umoja wa Mataifa umeupa mwaka 2026 majina kadhaa, na mawili kati yake yanatuhusu moja kwa moja. Ni Mwaka wa Kimataifa wa Mwanamke Mkulima, na papo hapo ni Mwaka wa Kimataifa wa Kujitolea kwa Maendeleo Endelevu. Hapa Dar es Salaam majina hayo yanaenda kwenye mabango na kwenye kumbi za mikutano za Posta na Masaki, na ni rahisi sana kuyaunganisha: vijana kutoka nje waje kujitolea, wawasaidie wanawake na vijana wa vijijini kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Kabla wazo hilo halijazoeleka masikioni, nataka tuulize jambo ambalo naamini ndilo linaloamua mengine yote. Mgeni huyo ameitwa na nani?

Swali hili lina uzito zaidi leo kuliko miaka michache iliyopita. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai 1 mwaka huohuo shirika lake la misaada, USAID, likaacha kazi rasmi. Februari, katikati ya hayo, Uingereza ilitangaza kwamba itashusha misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi asilimia 0.3 ifikapo 2027. Anayeishi Mikocheni au Msasani hahitaji kusomewa takwimu. Vibao vya miradi vimeng'olewa getini, na vijana wenye shahada zao wamerudi kuzungusha CV. Fedha za kumlipa mtaalamu zikikauka, kinachobaki rahisi kuletwa ni mtu asiyelipwa, aliyejinunulia tiketi au aliyechangiwa na kanisa lake. Ndiyo maana nahofia kwamba pengo lililoachwa na bwana shamba, mhasibu na mwanasheria wa ardhi litazibwa kwa moyo mwema peke yake. Moyo mwema nauheshimu, tena sana. Lakini mkulima wa Kisarawe ambaye mvua imemkatikia katikati ya masika anahitaji na kitu kingine.

Wageni wa kujitolea si wapya kwetu. Kundi la kwanza la Peace Corps, mpango wa serikali ya Marekani wa kutuma watu wa kujitolea nje, lilifika Tanganyika mwaka 1961, mwaka wenyewe wa Uhuru. Walikuwa wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia. Serikali iliyokuwa ikijiandaa kushika nchi ilihitaji ujuzi huo kwa sababu haikuwa nao; Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha kwamba tulianza na wahandisi 2 na madaktari 12. Peace Corps waliondoka mwaka 1969, wakarejea 1979, na mpaka leo anayekuja kwa mpango huo hufundishwa Kiswahili kwanza, kisha hukaa miaka miwili kwenye kituo chake. Mtu anaweza kuwa na lake la kusema kuhusu siasa za Washington. Hata hivyo mwanzo ule ulikuwa na mambo ambayo safari nyingi za siku hizi hazina: kazi ilijulikana kabla mtu hajapanda ndege, na ujuzi wenyewe haukuwepo nchini.

Hali hiyo ya pili imebadilika kabisa. Kila mwaka Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro kinatoa wataalamu wa kilimo, na Chuo Kikuu Ardhi hapa hapa Dar kinatoa wapima ardhi na wapangaji wa vijiji. Wengi wao wako mtaani. Shirika linalomleta kijana wa miaka 19, ambaye hajawahi kuotesha hata mchicha, aje kuwafundisha akina mama kilimo, linafanya kana kwamba bado tuko 1961.

Mfano ninaoupenda zaidi hauna shirika kubwa ndani yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kule Litowa katika mkoa wa Ruvuma, vijana wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga walianzisha kijiji cha kulima na kuishi pamoja. Kikazaa umoja wa vijiji, Ruvuma Development Association, uliofikia vijiji 17. Mwingereza Ralph Ibbott, mkadiriaji majenzi kwa taaluma, alihamia Litowa na familia yake akawa mshauri wao. Alikaa miaka, akaishi maisha ya pale pale, akawaandikia watu wa nje barua za kuomba vifaa. Maamuzi ya nini kilimwe, nani afanye nini na mapato yagawanywe vipi yalibaki kwa wanakijiji. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliuvunja umoja ule, mali zake zikachukuliwa, na Ibbott akaondoka nchini. Naona bado kwamba uamuzi ule uliinyima nchi hii shule kubwa. Ushauri wa Ibbott ulikuwa na thamani kwa sababu palikuwa na kijiji chenye uwezo wa kuukubali au kuukataa. Kijiji kilipopokonywa uwezo huo, mshauri naye hakuwa na kazi tena.

Sasa tuiangalie kalenda, maana hapa ndipo mambo mengi yanapoharibika bila mtu kukusudia ubaya. Vyuo vya Ulaya na Amerika Kaskazini hufunga kuanzia Juni na hufungua Septemba. Huo ndio msimu wa tiketi. Kwetu ukanda wa Pwani masika ni Machi hadi Mei, na vuli ni Oktoba hadi Desemba. Dodoma na Singida wana msimu mmoja tu, kuanzia Novemba mpaka Aprili. Kwa hiyo mgeni wa miezi miwili anatua Uwanja wa Julius Nyerere wakati mahindi yameshavunwa na udongo umekauka, na anarudi kwao kabla mtu hajashika jembe. Hatamwona mama akichagua mbegu. Hatamwona akipanda kwa mara ya pili baada ya mvua za kwanza kuja siku tatu na kupotea. Hatauona mwezi wa pili kule Dodoma, ghala likiwa tupu na mtama bado haujakomaa. Yaani sehemu yote ambayo mabadiliko ya tabianchi yanamuumiza mwanamke mkulima, mgeni hayupo.

Lakini mradi lazima upate cha kumpa mwezi wa saba, na mara nyingi kinachopatikana ni miche. Miti inapandwa Julai, picha zinapigwa, na maji ya kumwagilia yanabebwa kichwani na wanawake walewale tuliosema tunawapunguzia mzigo. Oktoba ikifika vimebaki vijiti. Hakuna mwanakijiji ambaye angeshauri kupanda miti Julai kama angeulizwa.

Hata ikipandwa Aprili, kuna jambo ambalo mgeni wa wiki sita hana njia ya kuliona. Pwani mti ni ushahidi wa umiliki. Mwenye minazi, mikorosho au miembe ndiye mwenye shamba. Aliyeazimwa ardhi huruhusiwa kulima mihogo, kunde, mahindi, mazao ya msimu basi. Akipanda mti wa kudumu, ameanzisha ugomvi. Na wanawake wengi wanalima ardhi ya mume, ya kaka au ya wakwe. Mpe mjane miche ya mikorosho kwa jina la kustahimili ukame, na huenda umempa sababu ya kufukuzwa shambani kabla miche haijafika magotini.

Sheria iko upande wake. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinampa mwanamke haki sawa na mwanaume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe 7, na 3 lazima wawe wanawake. Hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa kwa jina lake, au kwa majina ya mke na mume pamoja. Kwa mjane huyo, kazi ya kwanza ya kukabiliana na ukame ni kupimiwa mipaka, ni kijiji kuwa na mpango wa matumizi bora ya ardhi, ni kupata mtu wa kumsindikiza barazani siku shemeji zake watakapokuja juu. Kijana aliyetoka Chuo Kikuu Ardhi, anayeijua lugha na anayejua mwenyekiti wa kitongoji huamkiwaje, ataifanya kazi hiyo vizuri kuliko mgeni yeyote. Mgeni mwenye ujuzi wa ramani za setilaiti anaweza kumwongezea kasi, mradi afanye kazi chini yake.

Nikae kidogo Rufiji, maana huko jambo hili lina kina kirefu zaidi. Watu wa bonde lile wamelima mlau kwa vizazi. Mto unafurika, maji yanashuka, nao wanapanda mahindi, kunde na maboga kwenye udongo mbichi ulioachwa nyuma, bila kungoja mvua. Shambani hujenga madungu, nyumba za juu ya nguzo, wakalinda mazao dhidi ya nguruwe na ndege huku wakiyatazama maji. Kwao furiko la kiasi lilikuwa neema. Tatizo ni kwamba kiasi chenyewe hakijulikani tena. Aprili 2024 Rufiji na Kibiti zilizama, na tarehe 25 ya mwezi huo Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba mvua za El Niño zilikuwa zimeua watu 155 nchini. Siku chache baadaye, Mei 4, Kimbunga Hidaya kikaingia Mafia. Na juu ya mto sasa lipo Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, ambalo limebadili mwenendo wa maji ambao babu zao waliujua kwa kuangalia nyota na mimea.

Baada ya mafuriko yale nilizungumza na mama mmoja wa Kibiti aliyekuja Mbagala kukaa kwa binti yake. Tulipomaliza kuamkiana nikamuuliza wageni waliowahi kufika kwenye kikundi chao waliwafundisha nini.

"Walitufundisha kutengeneza sabuni, mwanangu," akasema. "Sabuni nzuri tu. Lakini mimi nilitaka kujua maji yatashuka lini, nipande."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Alichokiomba mama yule ni elimu ya maji ya mito kwa maana yake kamili: vipimo vya kina cha mto, ratiba ya bwawa kufungulia maji, utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na mtu wa kuvigeuza vyote viwe ujumbe mfupi wa Kiswahili utakaofika kwenye simu ya kitochi na kutangazwa kwa kipaza sauti cha msikiti. Bodi ya Maji Bonde la Rufiji iko Iringa, TANESCO inaendesha mitambo, halmashauri ziko Utete na Kibiti. Kila mmoja ana kipande chake cha taarifa. Mtaalamu wa mito aliyejitolea mwaka mzima kukaa na wahandisi wetu na kuunganisha vipande hivyo, huyo ningempokea uwanjani mwenyewe.

Wala si lazima atoke Ulaya. Bangladesh, baada ya kimbunga cha 1970 kilichoua watu wasiopungua 300,000, ilijenga mpango wa kujiandaa na vimbunga ambao leo una watu wa kujitolea zaidi ya 70,000, na karibu nusu yao ni wanawake. Wanapita nyumba kwa nyumba wakitoa tahadhari, wanajua nani ni mzee, nani ana mtoto mchanga, nani hatakubali kuacha ng'ombe wake. Mwanamke wa Bangladesh aliyefanya kazi hiyo miaka 10 ana cha kumwambia mwenzake wa Mafia au Kilwa, na wote wawili wanaishi ardhi tambarare yenye mikoko na bahari inayopanda. Lugha itawasumbua wiki mbili tatu.

Tumeshafaidika na njia hiyo bila kuipigia debe. Vikoba, ambavyo wanawake wengi wa vijijini wanavitegemea kuliko benki yoyote, mizizi yake ni Niger. Mwaka 1991 shirika la CARE lilianza huko vikundi vya wanawake vya kuweka na kukopa bila kumtegemea mfadhili. Utaratibu ukasambaa Afrika nzima hadi kwetu: hisa, mfuko wa jamii, sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, kuvunja mzunguko mwisho wa mwaka. Ujuzi wa wanawake wa Sahel umemlipia ada mtoto wa Mkuranga.

Zanzibar nako kuna somo, nalipitia haraka. Mwani unalimwa zaidi na wanawake, na maji ya ufukweni yalipozidi joto, aina ya kottoni yenye bei nzuri ikawa inakufa. Mtafiti wetu, Dk. Flower Msuya, na wenzake wakafanya majaribio ya kuulima kwenye maji ya kina kirefu. Utaalamu ulikuwepo. Kilichokwamisha ni kwamba wanawake wengi hawajui kuogelea, na vyombo vya baharini ni vya wanaume. Hapo mtu wa maana zaidi kujitolea ni mwanamke mwalimu wa kuogelea, atakayefundisha kwa staha, mahali penye faragha. Sidhani kama kazi hiyo imo kwenye orodha ya shirika lolote, kwa sababu orodha huandikwa mbali na ufukwe wa Paje.

Kuna hesabu nyingine ambayo huwa haifanywi: gharama ya mwenyeji. Mgeni akifika, mtendaji wa kijiji anaacha kazi kumpokea, afisa ugani mwenye vijiji vitatu vya kuhudumia anageuka mkalimani, na wanawake wanaitwa kwenye mafunzo saa tatu asubuhi, saa za kupalilia. Wanakuja kwa heshima, na mgeni anahesabu mahudhurio kuwa mafanikio. Huku kwenye shule za sekondari za kata na zahanati, vijana wa Kitanzania wenye shahada na stashahada wanajitolea mwaka wa pili, wa tatu, wakingoja ajira, wengi bila bima wala mkataba, kwa posho ya michango ya wazazi ikipatikana. Mgeni ana kibali cha ukaazi, bima na mratibu wa kumpigia simu akiumwa tumbo. Sina kinyongo na mgeni kwa kuwa na hivyo, ndivyo inavyopaswa. Nataka na yule kijana wetu avipate, kutoka bajeti ileile. Uingereza ilikuwa na mpango wa vijana wa kujitolea, ICS (International Citizen Service), ulioanza 2011, uliowaweka vijana wao na wa nchi mwenyeji katika timu moja wakafanya kazi bega kwa bega. Mpango ukaisha, lakini utaratibu wake ulikuwa wa haki na ungefaa kuwa sharti la kila kibali: hakuna mgeni bila mwenzake Mtanzania anayelipwa posho.

Na safari iende pande zote mbili. Ujerumani ilianzisha mpango wa weltwärts mwaka 2008 kuwatuma vijana wake huku. Tangu 2013 unapokea na vijana kutoka nchi zetu kwenda kufanya kazi kule. Umoja wa Mataifa una mpango wake wa kujitolea tangu miaka ya 1970, na wengi wanaohudumu humo siku hizi ni watu wa nchi za Kusini. Kijana wa Temeke anayetamani kujitolea nje ana nafasi hizo, na namwomba asizichukulie kama mlango wa kuzamia tu. Aende Ujerumani aone wakulima wa huko wanavyoendesha vyama vya ushirika. Aende Msumbiji, ambako vimbunga vinapiga zaidi kuliko kwetu, arudi na kitu cha kuwaambia watu wa Mtwara.

Kwa hiyo nani aite? Mkutano Mkuu wa Kijiji unapaswa kukaa kila miezi mitatu. Halmashauri ya Kijiji ina wajumbe 15 hadi 25, na angalau robo ni wanawake. Vikundi vya wanawake na vijana tayari vinajua kuandika andiko, kwa sababu ndivyo wanavyoomba mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yenye mafungu yake ya 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo ile ilisitishwa Aprili 2023 na ikarudi mwaka uliofuata, na vikundi vilivyopitia usumbufu wote huo haviwezi kushindwa kuandika ukurasa mmoja: tunahitaji ujuzi huu, miezi hii, atafanya kazi na kijana wetu huyu, na akituchosha tutamrudisha. Ripoti yake isomwe kwa Kiswahili kwenye mkutano wa kijiji kabla hajapanda ndege, wanakijiji wamuulize maswali, kisha ndipo iende kwa aliyemtuma.

Kwa kikundi cha Kibiti au Mkuranga kinachotaka mtu wa kusimama nao vuli ijayo, hesabu ni hii. Mvua zinatarajiwa Oktoba. Mgeni anapaswa kuwa amefika Julai ajifunze lugha na kuyajua mashamba, na kibali na kumtafuta mtu mwenye ujuzi vinaweza kula miezi kadhaa. Ombi linapaswa kupitishwa kwenye mkutano wa kijiji wa Machi, na maofisa maendeleo ya jamii wa halmashauri wanaweza kuanza kuwaambia akina mama hivyo kwenye kikao kinachofuata cha kikoba.